Xochimilco kwa boti: naogopa maji, nipande au niwangoje ukingoni?

Binti wa Himbi (Goma)

Jambo wandugu. Niko na swali, na naomba msinicheke.

Mwezi ujao natumwa Mexico kwa mkutano wa wakunga, siku tano, katika mji mkuu wenyewe. Viza nimeshapata, tikiti pia, natokea Kigali. Hayo yameisha, msinirudishe huko. Shida yangu ni Jumapili. Ndiyo siku moja tu tuko huru, na wenzangu wawili, mmoja wa Butembo na mwingine wa Bunia, wameshaamua bila kuniuliza: wanataka kwenda mahali panaitwa Xochimilco, kupanda boti za rangi kwenye mifereji ya zamani. Wamenionyesha picha kwenye simu. Boti kama meza ndefu iliyowekewa paa, viti vya manjano, watu wanakunywa, na wapiga gitaa wenye kofia pana wamesimama kwenye boti nyingine ubavuni.

Mimi sijapanda boti tangu Oktoba 2024. Wa Goma mnaelewa. Boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, bandari yetu, watu wakiiona kwa macho kutoka ufukweni. Mchana ule nilikuwa zamuni. Sitasema zaidi. Tangu siku hiyo nikienda Bukavu napita barabara, na mashimo yake yote, na mume wangu ananiambia nimekuwa mbuzi, kwa sababu mbuzi hata tone la mvua analikimbia.

Basi mtu aliyefika kule aniambie ukweli, si maneno ya matangazo. Maji yale yana kina gani? Kuna mawimbi? Wanajaza watu kama kwetu, mpaka wa mwisho anakaa juu ya gunia la mwenzake? Jile za kuokoa zipo kweli au ni za kuvaa wakati wa picha? Na nikikataa kupanda, kuna kitu cha kufanya pale ukingoni, au nitakaa saa mbili kama mzigo ambao mwenyewe ameusahau? Na bei pia, kwa sababu posho yetu si ya kutupa.

Motari Mstaafu (Bukavu)

Mama, utoke Kivu, uvuke bahari nzima, ukalipe dola ili upande mtumbwi? Njoo huku Bukavu, mimi siku hizi niko na mtumbwi wangu, nitakuzungusha bure mpaka uchoke. Feza ya kule nunua kitenge.

Binti wa Himbi (Goma)

Papa, nimesema naogopa maji, wewe unaniongezea maji. Aksanti lakini.

Mkulima wa Kabare (Bukavu)

Dada, mimi nimefika, mara mbili, mwaka 2022. Nilikuwa kwenye mafunzo kule Texcoco, pale CIMMYT, kile kituo cha utafiti wa mahindi na ngano ambacho kiko nje kidogo ya mji mkuu. Mara ya kwanza tulienda kundi zima siku ya Jumapili, kama mnavyotaka ninyi, tukarudi kichwa kinauma na picha arobaini za nyuso zetu wenyewe. Mara ya pili nilienda peke yangu Jumatano asubuhi. Hiyo ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu ile ya kwanza sikuona kitu.

Nianze na hofu yako, maana nikianza na mashamba sitamaliza.

Usipime maji yale kwa Kivu. Ziwa letu lina karibu mita 480 kwenye kina chake kikubwa, lina upepo, na lina mawimbi yanayotokea upande wa kisiwa cha Idjwi bila kubisha hodi. Xochimilco, ambayo wenyewe wanasoma Sochimilko, ni mifereji. Sehemu nyingi upana wake ni kama barabara ya mtaani, na kushoto na kulia una udongo na miti. Boti wanaiita trajinera: ya mbao, sakafu bapa, haina injini wala makasia. Mtu mmoja anasimama mwishoni, anashika mti mrefu, anauteremsha mpaka uguse tope, anauegemea, boti inasogea. Watu wa pwani wanauita upondo. Sisi wa Kivu hatukuwa hata na sababu ya kuutafutia jina. Ukiunganisha miti hamsini katikati ya ziwa letu bado hujafika chini. Kule safari nzima mti unagusa. Wewe ukiogopa, uangalie ule mti tu. Unaingia, unasimama, unatoka. Mimi najua kuogelea na bado niliuangalia muda mrefu, ulinituliza.

Lakini sikudanganyi kwamba hatari haipo. Chini ni tope laini, linashika mguu. Mwaka 2019 kijana mmoja alianguka akivuka kutoka boti moja kwenda nyingine, katikati ya sherehe, upande wa Nativitas, akazama wenzake wapo. Baada ya hapo wakaweka sheria juu ya pombe na juu ya jile. Kwa hiyo ukae kwenye kiti chako, usivuke boti, na uepuke boti yenye walevi. Jile zipo, uombe kabla ya kuondoka gatini, uvae, na atakayecheka acheke. Hawajazi watu kama kwetu, kwa sababu boti inakodiwa nzima. Ninyi watatu mtakuwa watatu na mwenye mti.

Kuhusu gati, wao wanasema embarcadero, na ziko kadhaa. Nativitas ndiyo ya zile picha ulizoonyeshwa: boti zimebanana mpaka huoni maji, kila moja na muziki wake. Mimi nakushauri Cuemanco. Iko jirani na soko kubwa la maua na ule mfereji wa mashindano ya makasia uliojengwa kwa Olimpiki ya 1968. Ukitokea Cuemanco unaingia haraka upande wa mashamba na kelele zinabaki nyuma. Kama ni lazima Jumapili, mfike mapema kabisa, kabla walevi hawajaamka.

Njia: metro mstari wa 2, wa bluu, mpaka mwisho wake, Tasqueña. Metro ni pesos 5. Pale mnabadili, mnapanda treni ndogo ya umeme mpaka kituo cha mwisho, Xochimilco. Hapo mko karibu na gati za katikati ya mji. Kwa Cuemanco itabidi teksi. Ukitoka kituoni utakutana na vijana wa baiskeli watakaosema gati unayoitafuta imefungwa leo, nifuate. Haijafungwa.

Bei ni ya boti nzima kwa saa, si ya kichwa, na imeandikwa kwenye bango gatini. Mwaka 2022 bango lilisema pesos 500, kama dola 25 wakati ule. Imeshapanda. Lakini hesabu bado ni ile ile: soma bango kwanza, kubaliana saa ngapi, ndipo ukae.

Sasa mashamba.

Watalii wanaambiwa ni bustani zinazoelea. Hazielei hata kidogo, zimekaa chini imara kuliko barabara ya kwetu. Wazee wao, kabla Mhispania hajafika, walichagua mahali ziwa halina kina kirefu, wakapima kipande chembamba, wakakizungushia miti, wakajaza majani ya majini, juu yake tope, tena majani, tena tope, mpaka kipande kikatokea juu ya maji. Pembeni wakapanda mti mwembamba unaokwenda juu wima, unaitwa ahuejote, mizizi yake inashika ukingo usibomoke. Sisi tunafanya hivyo kwa matete kwenye kingo za matuta kilimani. Kipande kimoja ni chinampa. Ni chembamba kwa makusudi: maji yanapenya kutoka pande zote, na mmea unajinywea wenyewe.

Mimi nimelima bonde la Kabare miaka kumi na nane. Kwetu ukipata bonde lenye maji unachimba mifereji ili maji yaondoke. Wale walichimba ili maji yabaki karibu. Nilisimama pale Jumatano ile nikawaza mifereji yote niliyochimba na baba yangu, jinsi kila Julai tunalalamika kwamba bonde limekauka, sisi wenyewe ndio tulioyafukuza maji.

Na wao pia walipitia hapo, maana Wahispania walipouteka mji mwaka 1521 walianza kupigana na ziwa. Karne baada ya karne wakalikausha, na leo mji mkuu umekaa juu ya ziwa lililokufa, wanavuta maji ya chini ya ardhi, na nyumba zinadidimia. Utaona makanisa ya zamani katikati ya mji yameinama kama mzee anayesikiliza. Xochimilco ni kipande cha ziwa kilichosalia. Hata chemchemi zake zilivutwa kwenda kunywesha mji, na mifereji sasa inajazwa na maji machafu yaliyosafishwa. Kwa hiyo usichovye mkono halafu ukala. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, pamoja na katikati ya mji mkuu, lakini si vipande vyote vinalimwa. Niliona vingine vimegeuzwa kiwanja cha mpira.

Mwenye mti wangu alinishusha kwa mzee mmoja aliyekuwa anaandaa miche. Ndicho kitu bora nilichoona Mexico nzima, na mafunzo yangu yamo humo. Anachota tope jeusi kutoka chini ya mfereji, analitandaza kama chapati kubwa, nene kama vidole vitatu. Analiacha likauke nusu. Halafu anachukua kisu, anakata vipande vya mraba kama mwenye duka anayekata mche wa sabuni. Katikati ya kila kipande anatoboa kwa kidole, anatia mbegu, anafunika kwa samadi iliyopondwa. Wanaita chapín. Mche ukishakua unahamishwa na kipande chake, hata mizizi haijui kama imehama. Alinipa kisu nikakata safu mbili. Zangu zilipinda. Alinirekebisha kwa mkono, hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja.

Niliporudi Kabare nikajaribu na kabichi. Tope la bonde letu lilipasuka, lina mfinyanzi mwingi. Nikaongeza majivu na samadi, sasa inakwenda. Majirani wanaiita sabuni ya Mexico. Wanacheka na wanakuja kuomba miche.

Na kitu kimoja zaidi, hiki kiliniuma kidogo. Mle majini anaishi mnyama anaitwa axolotl. Ni jamaa ya salamanda, matamvua yake yanabaki nje ya kichwa kama manyoya maisha yake yote, na ukimkata mguu unaota mwingine. Porini yuko Xochimilco tu. Mwaka 1998 watafiti walikadiria 6,000 kwa kilomita moja ya mraba, mwaka 2014 wakapata 36. Maji kuharibika ni sababu moja. Nyingine ni samaki walioletwa na serikali miaka ya 1970 na 1980 ili watu wapate kitoweo: karpe na tilapia. Tilapia! Huyu huyu wetu wa Afrika, ambaye akiwa kwenye sahani pembeni ya bugali unasema Mungu yupo. Kule anakula mayai na watoto wa mwenyeji. Mwenye mti aliponionyesha mmoja kwenye wavu, kwa ishara akaniuliza kama namjua. Nilijisikia kama baba aliyeitwa kwa mkuu wa mtaa kwa sababu ya mtoto wake. Na sisi tulipoletewa sambaza, wale samaki wadogo, kutoka Tanganyika mwaka 1959, nani alilalamika?

Watafiti wa chuo kikuu cha UNAM wanafanya kazi na wakulima: wanaziba mifereji midogo kwa vichujio tilapia asipite, axolotl anapata pa kujificha, na mkulima anapata maji safi zaidi. Mkibahatika mtapita kwenye chinampa ya namna hiyo. Muombe mapema, waambie chinampa, si mariachi, wale wapiga gitaa wa kofia pana.

Kwa hiyo dada, panda. Lakini usipande ili uzunguke. Panda ili ushuke upande wa pili.

Kaka wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mzee wa Kabare ameandika kitabu, na nakubaliana naye karibu kote. Ila asiwatishe na Nativitas. Mimi nilikaa Mexico mwaka mzima kwa masomo, nimepanda trajinera mara nyingi, na raha ya kule ni zile kelele. Wewe unatoka Goma, mama, nani alikwambia unahitaji kimya?

Mimi nitasema ya mfukoni na ya tumbo. Wapiga muziki wanakuja na boti yao, wanajifunga kwenye yenu, wanaanza. Wimbo unalipiwa mmoja mmoja. Sisi mara ya kwanza tulidhani ni ukarimu, tukapiga makofi. Wakaendelea. Tukapiga makofi tena. Nyimbo sita! Walipotaja hesabu mwenzetu mmoja alianza kusali. Kwa hiyo ukiona kofia kubwa inakaribia na hutaki, tikisa kichwa kabla kamba haijafungwa.

Lakini ikija boti yenye marimba, lipeni hata wimbo mmoja. Ni vibao vya mbao vinagongwa kwa vijiti. Jina lenyewe ni la Kibantu, lilivuka bahari na watu wetu waliopelekwa utumwani. Kwa Waluba ni madimba. Nilikuwa nimekaa pale, mbali na kila mtu ninayemjua, mzee wa Kimexico anapiga, nikasikia kama matanga ya babu yangu. Mwenye boti aliniuliza kama nimeumwa.

Chakula kinakuja kwa mitumbwi midogo. Mahindi ya kuchemsha wanayapaka mayonezi, wanayavingirisha kwenye jibini, wananyunyiza pilipili na ndimu. Mtu wa Katanga akiona mahindi yamefanyiwa hivyo anataka kuita polisi. Halafu anaonja.

Na wenzako wakisikia habari ya kisiwa cha wanasesere, ile miti iliyotundikwa midoli iliyooza macho, waambie ni mbali, kwenda na kurudi kunakula saa nyingi. Yule mzee aliyeitundika alifariki mwaka 2001. Karibu na gati wametengeneza visiwa vya kuiga, mwenye boti anawazungusha kimoja anasema ndicho. Kwa mtu mwenye hofu kama yako mimi ningekiruka chote, cha kweli na cha kuiga.

Binti wa Himbi (Goma)

Aksanti sana, papa wa Kabare, na wewe kaka. Nimemsomea mume wangu ile habari ya tilapia, amekataa kuamini.

Maswali mawili yamebaki. Choo? Saa mbili juu ya maji na mimi ni mama wa watoto wanne, mnaelewa. Na ninaweza kukaa katikati kabisa, mbali na pembe?

Kaka wa Kamalondo (Lubumbashi)

Vipo vya kulipia, gatini na kwenye kingo njiani, weka sarafu mfukoni. Mwambie mwenye mti baño, atasogea ukingoni.

Mkulima wa Kabare (Bukavu)

Katikati kuna meza ndefu, viti pande mbili. Kaa kiti cha kati, meza mbele yako. Hata ukitaka kuanguka majini itakubidi upange safari.

Motari Mstaafu (Bukavu)

Mama, mimi pia nitakuwekea meza.

Binti wa Himbi (Goma)

Wandugu, nimerudi. Niliahidi nitaandika.

Tulienda Jumapili, Cuemanco, saa mbili asubuhi. Wenzangu walinuna kwa kuamshwa. Bango lipo, bei ipo, tulilipa ya bango. Niliomba jile, kijana akanipa la chungwa lenye harufu ya ghala, nikalifunga mpaka shingoni. Wa Bunia alinipiga picha na sasa iko kwenye kila kundi la wakunga wa Ituri.

Nusu saa ya kwanza sina cha kuwaambia, nilikuwa naangalia mti. Unaingia, unasimama, unatoka, kama papa alivyosema. Nilikuwa nahesabu. Nilifika mia mbili na kitu, boti nyingine ikatugonga ubavuni, tu! kama chukudu mbili za mbao za kubebea mizigo zimekutana mteremkoni, nikapiga kelele kwa Kiswahili na kila mtu akageuka. Mwenye mti wetu alicheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akausimamisha mti wima ndani ya maji, akaushika kwa mkono mmoja, akaonyesha kwa kidole: hapa ndipo tope, hapa ndipo maji yanaishia. Alama ya maji ilinifika begani, kwa kukadiria. Hakusema neno. Wagonjwa wangu wakiogopa huwa nawaonyesha hivyo hivyo, kwa mkono, kabla ya kuwagusa.

Tulishuka kwenye chinampa. Mzee wa miche hakuwepo, Jumapili, lakini mke wake au dada yake alikuwepo, akatuonyesha tope lililokatwa tayari, safu baada ya safu, limenyooka kama vitanda vya wodi. Papa, nakuambia kwa heshima, hakuna safu iliyopinda. Wa Butembo, ambaye kwao ni wakulima wa kweli, alipiga magoti akanusa udongo na hatukumpata tena kwa robo saa. Yeye ndiye alinilazimisha kuja ili anywe bia, na bia alirudi nayo gatini haijafunguliwa.

Axolotl tulimwona kwenye tangi la kioo. Mdogo kuliko nilivyofikiri, anatabasamu. Nilimwambia pole kwa niaba ya tilapia.

Marimba hatukuipata, kaka. Mariachi walikuja, nikatikisa kichwa kabla ya kamba, wakaheshimu. Mahindi nilionja. Nililaumu mayonezi mpaka nikamaliza.

Nilivua jile tulipokuwa tunarudi, kwa sababu ya joto tu, nikaliweka mapajani, mkono juu yake. Sikupona. Wiki iliyopita nimeenda Bukavu kwa barabara, saa zote zile, vumbi mpaka kwenye meno.

Nimebakiza noti moja ya pesos 50. Ina picha ya axolotl mwenyewe na mashamba yale yale, rangi ya zambarau. Pale mpakani, Petite Barrière, mbadilisha feza aliigeuza mara tatu, akaniuliza kama ni ya mchezo wa watoto. Hakuichukua. Sasa binti yangu mdogo ameibandika juu ya kitanda.

Mkulima wa Kabare (Bukavu)

Safu zangu zilipinda kwa sababu kisu kilikuwa butu.

Motari Mstaafu (Bukavu)

Kwa hiyo mtumbwi wangu wa bure tunasemaje? Ukija kwa barabara utashuka umechoka, utapumzikia majini.

Binti wa Himbi (Goma)

Papa, uko na jile?

Motari Mstaafu (Bukavu)

Nitaazima.